Vijiti vya Bi Marufuku

Bi Marufuku alikuwa na maadui wengi kuliko jamaa, na baadhi ya maadui hao ndio hao hao jamaa. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa askari wa hifadhi ya pwani, na neno la kwanza lililomtoka kila alipomwona kiumbe amevaa viatu lilikuwa hilo hilo moja. Kuokota kombe, marufuku. Kuchonga jina la mchumba kwenye jabali, marufuku. Kumtupia kenge kipande cha mkate, marufuku, na kenge naye alikaripiwa kwa kukipokea. Wageni waliokuja kupunga upepo walirudi getini wakiuliza kama yule mama ana akili timamu.

Akili alikuwa nazo timamu. Kilichomjaa ni hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kuokota njiani.

Kabla pwani ile haijawa hifadhi, ghuba ya kaskazini ilikuwa machimbo ya mawe, na baba yake alikuwa mkata mawe. Ukuta wa mwamba ulisimama juu ya ufuko kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na wote, chini hadi juu, ulikuwa matumbawe yaliyokufa zamani za zamani, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Ukiusogelea unayaona: mengine yana mikunjo mikunjo kama utumbo wa mbuzi, mengine matawi, na katikati yake makombe makubwa yamekaa wima, midomo wazi, vilevile yalivyokutwa na kifo. Chini, mawimbi yameutafuna ukuta kwa ndani mpaka mtu mzima anaweza kusimama humo asilowe mvua. Hapo ndipo baba alipowaleta yeye na mdogo wake wa kiume, akawapigisha nyundo kwenye mwamba wasikilize. Jiwe zima hulia. Jiwe bovu hunyamaza.

"Na huu mchanga msiuamini," baba aliwaambia. "Hili ni shuka tu, limetandikwa juu ya jiwe. Ila kuna mahali maji ya mvua yamekula jiwe likatoboka, mchanga ukajaa humo. Sisi tunaviita vyungu. Penye chungu hakuna jiwe la kukata. Ukikiona, hama."

Kasa nao walivijua vyungu, tena bila kufundishwa na mtu. Kasa jike akitoka majini kutaga anataka mchanga wenye kina cha kuzamisha mkono wako hadi begani, na katika ghuba ile mchanga wa namna hiyo ulikuwa kwenye vyungu peke yake. Kwingine ungechimba shubiri mbili ukagonga mwamba.

Serikali ilipofunga machimbo na kuweka uzio, baba alipewa barua, hakupewa kazi. Mwezi huo huo binti yake akaenda ofisi ya hifadhi kuomba uaskari, akapata. Siku aliyoingia nyumbani na sare, baba alivitazama vifungo vya shati kimoja kimoja, kisha akageuza kiti chake na kukaa akitazama ukuta. Mama aliendelea kupepeta mchele. Mdogo wake, ambaye mtaani walimwita Tindo kwa kuwa chombo hicho cha kukatia mawe hakikumtoka mkononi, ndiye aliyesema.

"Dada, umewavalia nguo watu waliotupokonya mkate?"

"Nimevaa ili ule," alimjibu.

"Basi mimi nitakula kwa njia yangu."

Na kweli alikula kwa njia yake. Jiwe lilipokuwa haramu, Tindo akahamia kwenye mayai ya kasa, maana wapo watu wanaoyataka na hawaulizi yametoka wapi. Mwaka wa tano wa kazi yake, Bi Marufuku alimkamata asubuhi kweupe na ndoo iliyojaa, akampeleka mwenyewe, akasimama mahakamani akatoa ushahidi bila kupepesa macho. Tindo alikula miezi minane. Mama yao alizikwa yeye akiwa ndani. Tangu hapo, wakikutana dukani, mmoja alitoka kwanza ndipo mwingine akaingia, na mwenye duka alishazoea kuwapangia zamu kwa jicho.

Sasa, hifadhi ilikuwa na utaratibu wake. Askari akiona kiota kipya anatakiwa kuchomeka kijiti chenye namba, hatua mbili kutoka kwenye kiota, upande wa nchi kavu. Utaratibu mzuri, ulioandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti chenye magurudumu. Bi Marufuku aliusoma akacheka kwa uchungu. Kumwekea mwizi alama penye mali! Si afadhali kumkaribisha na chai kabisa?

Kwa hiyo alifanya lake. Alfajiri alikuwa wa kwanza ufukoni. Alifagia kwa tawi nyayo za kasa wa kweli, kisha akachukua gunia lenye mchanga, akaliburura kutoka majini hadi mahali ambapo alijua jiwe liko shubiri moja chini, akachomeka kijiti hapo. Mwizi achimbe avunje kucha. Viota vya kweli hakuviandika popote. Alivikariri: hatua kumi na saba kutoka kwenye kombe lililopasuka, hatua tisa kutoka kwenye doa jekundu la ukutani. Daftari la ofisi lilijaa namba za uongo zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri, na kila alipoyakuta mashimo ya mtu aliyechimba kwenye vijiti vyake akaambulia jiwe, siku hiyo alikunywa chai yake kwa raha, amekaa juu ya jiwe lake bapa la ufukoni. Alijua ni nani. Alimwona kwa mawazo akilamba vidole vilivyochubuka.

Wenzake kazini hawakumpenda na hakuwalaumu. Wawili aliwachongea kwa kulala zamu, mmoja kwa kuuza mifupa ya nyangumi. Kwa hiyo alipokuja mkuu mpya wa hifadhi, kijana wa makamo mwenye kompyuta na mate mengi, ambaye ndani ya wiki moja alishapewa jina la Bwana Slaidi, hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza Bi Marufuku kinachopikwa.

Alikiona ukutani, kwenye kikao, taa zimezimwa. Njia ya mbao. Ingeanza getini, ishuke ghuba ya kaskazini, ipite ufuko mzima hadi chini ya mwamba, ili wageni waone matumbawe ya kale bila kuchafua viatu. Nguzo themanini.

"Na viota?" Bi Marufuku aliuliza.

"Tumevizingatia, mama. Nimechukua ramani ya vijiti vyako. Angalia, njia inakwepa kila kijiti. Hakuna nguzo inayogusa kiota."

Aliangalia. Njia ilikwepa vijiti vyote kumi na vitano, tena kwa adabu, na katika kukwepa huko nguzo nne zilidondokea juu ya viota vya kweli, na nyingine zikapita shubiri chache kando. Uongo wake wa miaka ishirini ulikuwa umechorwa vizuri kwa rangi ya buluu.

Kama mtu anayezama, akashika kamba iliyokuwa karibu. "Kanuni inasema ufuko wenye viota kumi na viwili au zaidi unafungwa msimu mzima. Hakuna mgeni, hakuna nguzo, hakuna mbao. Vijiti ni kumi na vitano. Imekwisha."

"Haijaisha," alisema Bwana Slaidi, na tabasamu lake halikuwa zuri. "Wiki ijayo anakuja daktari wa miamba kupima chini. Atahakikisha na hivyo viota vyako. Wapo wanaosema unatia chumvi."

Hakuwataja, na haikuhitajika. Walikuwa wamekaa mstari wa nyuma wakitazama kucha zao.

Ukweli ni kwamba alikuwa ametia chumvi. Msimu huo kasa walikuwa wachache. Kichwani mwake kulikuwa na viota kumi na kimoja, basi, na vile vinne vya ziada alivizua kwa gunia lake. Pungufu ya kimoja tu! Siku sita zilizobaki alitembea ufuko huo hadi magoti yakavimba, akitafuta kiota cha kumi na mbili, akawatukana kasa kwa uvivu wao, akawatukana kaa, akawatukana ndege aina ya membe waliomzomea kutoka juu ya mwamba. Hakukiona.

Siku ya upimaji walishuka wote. Daktari wa miamba alikuwa mwanamke mkimya mwenye kofia pana na nondo ndefu iliyonolewa ncha. Bwana Slaidi alivaa buti mpya. Nyuma yao walikuja vibarua wanane na mbao za majaribio mabegani, na wa tatu katika msafara, mvi zimemjaa, kifua wazi, alikuwa Tindo.

Bi Marufuku alimfuata mkuu wake. "Huyu ni mwizi wa mayai. Alifungwa. Umemleta hapa?"

"Jamii inashirikishwa, mama. Mtu akishatumikia kifungo chake, basi."

"Mtu, ndiyo. Huyu ni mdogo wangu, namjua."

Tindo alimpita bila kumtazama. "Habari za asubuhi, afande," alisema, na hilo afande lilitoka kama ganda la muwa.

Daktari alianza kazi. Alichoma nondo mchangani kandokando ya kijiti namba moja, mbali kidogo asiguse kiota. Ngo! Akasogea hatua. Ngo! Kijiti namba mbili, ngo. Namba tatu, ngo. Kufikia namba sita alivua kofia, akapiga magoti, akachimba kwa mkono, akafuta mwamba kwa kiganja mpaka mikunjo ya tumbawe ikaonekana nyeupe.

"Mama," alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, "kasa hawezi kutaga hapa. Hapa hata yai moja halifukiki. Vijiti hivi vyote viko juu ya jiwe."

Mmoja wa askari wenzake Bi Marufuku akacheka kwa pua, na wengine wakapata ruhusa.

"Miaka mingapi?" Bwana Slaidi aliuliza. Sauti ilipanda. "Miaka mingapi umetuandikia uongo? Tumepeleka hizo takwimu hadi makao makuu! Hakuna viota hapa, sivyo? Hakuna hata kimoja. Ulifunga ufuko mzima upate mahali pa kutambia!"

Bi Marufuku angeweza kunyamaza, akafukuzwa, na nguzo zikashuka. Angeweza kuonyesha, na jicho alilolificha viota hivyo miaka yote lilikuwa pale pale, limebeba mbao, linatazama. Ukimwonyesha mkata mawe vyungu vitatu, vilivyobaki atavihesabu mwenyewe. Alimtazama Tindo kwa chuki.

"Vipo," alisema. "Vijiti ni vya kudanganyia wezi. Viota ninavijua mimi. Njoo, daktari. Na wewe bwana mkubwa, kanyaga ninapokanyaga, hayo mabuti yako yana uzito wa ng'ombe."

Akawapeleka. Alisimama chini ya kombe lililopasuka, akahesabu hatua kumi na saba, akapiga magoti, akaondoa mchanga taratibu kwa vidole hadi bega likagusa chini, na alipoondoa mkono daktari akachungulia na kuona weupe wa yai. Akafukia. Cha pili. Cha tatu. Jua lilipanda, jasho lilimwingia machoni, na hakuna aliyecheka tena. Daktari aliandika kila kimoja. Nondo yake ilizama laini pembeni ya kila kiota. "Mwamba umeyeyuka hapa," alikuwa akisema, kama mtu anayeongea na nafsi yake. "Na hapa. Ajabu hii."

Kiota cha kumi na moja kilikuwa karibu na maporomoko ya mawe. Bi Marufuku alisimama akipangusa mikono.

"Endelea," alisema Bwana Slaidi.

Hakuendelea.

"Kumi na kimoja." Mkuu alikuwa ameshaelewa, na furaha ikamrudia usoni bila haya. "Kanuni uliyonisomea wewe mwenyewe inataka kumi na viwili, mama. Umeandika kumi na vitano. Basi tutachora upya, tutavikwepa hivyo kumi na kimoja, na Jumatatu tunaanza kuchimba. Na wewe Jumatatu utakuwa na barua."

Nguzo themanini, vishindo vya nyundo, watu mia kwa siku wakipita na taa zao na watoto wao juu ya vichwa vya kasa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hakuwa na kitu cha kumkataza mtu.

Mbao ikaanguka chini, pwaa.

"Kumi na viwili," alisema Tindo. "Vilikuwa kumi na vitatu. Kimoja nimekula."

Watu wote waligeuka. Tindo alikuwa akijikuna bega palipokuwa na mbao, hana wasiwasi, kama aliyetaja bei ya nyanya. Akatembea kuelekea kwenye maporomoko, akainama kupita chini ya mwamba ulioliwa na mawimbi, na daktari akamfuata, na wengine wakamfuata daktari. Kule ndani, nyuma ya bonge lililoanguka, kulikuwa na kipande cha mchanga kisichozidi ukubwa wa kitanda. Bi Marufuku alikijua. Alikwisha kukikataa miaka mingi iliyopita kwamba mchanga wake hauna kina.

Tindo aliokota jiwe, akagonga ukuta juu ya ule mchanga. Ukuta haukulia.

"Unasikia, dada? Umenyamaza. Chini ni chungu. Hukuwahi kugonga?"

Hakuwahi. Kugonga mwamba ilikuwa marufuku, naye ndiye aliyeandika kibao. Alipiga magoti kwa mara ya kumi na mbili siku hiyo, akazamisha mkono hadi begani, na vidole vikagusa yai.

Daktari aliandika. Kisha akalifunga daftari lake, akamwambia Bwana Slaidi kwamba kwa upande wake kazi imekwisha, ufuko unafungwa, na kwamba hata bila kasa asingeshauri nguzo kwenye mwamba uliojaa mashimo namna hii. Bwana Slaidi alitazama buti zake.

Lakini Bi Marufuku hakuwa akisikia. Alikuwa amemkazia macho mdogo wake.

"Ulivijua vyote?"

"Toka mwaka wa kwanza. Unachomeka kijiti juu ya jiwe, halafu unategemea mkata mawe adanganyike? Wale waliochimba vijiti vyako walikuwa wapita njia, dada. Mimi hata sikuvigusa. Na hizo nyayo za hiki hapa nilizifagia mimi, kabla hujaamka. Wewe unafagia vibaya, unaacha mistari."

"Mwongo! Ungevijua ungevimaliza."

"Nilichukua kimoja kila msimu. Vingine nilikuachia."

Kuachiwa! Afadhali angemtemea mate. Miaka yote aliamka gizani, akaburura gunia mpaka kiuno kikaharibika, akajiona ndiye ukuta kati ya kasa na dunia. Kumbe kasa wamepona kwa sababu mwizi alishiba. Na alikuwa ameamini, bila hata kujiambia kwa maneno, kwamba kati ya watoto wawili wa yule mkata mawe ni yeye peke yake aliyesikiliza. Alitamani kumpiga. Alitamani kukaa chini pale pale alie. Hakufanya lolote, kwa kuwa wenzake walikuwa wakitazama.

"Kwa nini umesema?"

Tindo alimwelekezea kidevu Bwana Slaidi. "Huyu ni nani wa kukuita mwongo mbele za watu? Wa kukutukana wewe ni mimi. Mimi ndiye ninayekudai mama." Akatema mchanga. "Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

Bwana Slaidi alikuwa ameipata nafasi yake. "Askari," alisema kwa sauti ya kiofisi, "umemsikia amekiri. Kachukua kiota, hapa, msimu huu. Au sheria ni ya watu wengine?" Alitaka sana Bi Marufuku asite. Ilionekana jinsi alivyotaka.

"Sikungoja unikumbushe," Bi Marufuku alisema. Akamshika mdogo wake kifundo cha mkono, kile kile alichokuwa akimshika akimvusha barabara kwenda shule, ila sasa kilikuwa kinene na kigumu na kina makovu ya tindo. "Uko chini ya ulinzi."

"Najua."

"Safari hii ni miaka, si miezi. Wewe si mgeni mahakamani."

"Najua, nimekwambia. Punguza kubana."

Hakupunguza. Wakatoka chini ya mwamba, wakapita mbele ya vibarua waliokuwa wameweka mbao zao chini bila kuambiwa. Ufuko ulikuwa mweupe na mrefu na hakuna mtu juu yake, na ungebaki hivyo msimu mzima. Alijaribu kufurahi. Furaha ilikataa kuja, ikaja hasira ile ile ya siku zote, na akaitumia kumsukuma mbele. Walipofika katikati alishindwa kuvumilia.

"Hicho ulichokula," aliuliza, "ulikitoa wapi?"

Tindo hakugeuka. "Pale kwenye lile jiwe lako bapa, unapokaa asubuhi kunywa chai na kunilinda. Wiki tatu ulikuwa umeweka miguu juu yake."

Bi Marufuku alisimama. Alilitazama lile jiwe, na mchanga uliokuwa mbele yake, laini, umefagiwa vizuri, hauna mstari hata mmoja.

"Tembea," alisema.